Mgeni wa miji miwili: Mwalimu Nyerere kati ya Edinburgh na Kariakoo

Waamini wengi wanaopita mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale Posta, wakiwahi kivuko au basi la kurudi nyumbani, hawana sababu ya kukumbuka kwamba bandari inayotazamana na kanisa hilo ilimpokea, mwezi Oktoba 1952, mwalimu mmoja wa miaka 30 aliyetoka Uingereza kwa meli iitwayo Kenya Castle. Kanisa lenyewe lilikuwa limekwisha kusimama pale kwa nusu karne, kwani Wabenediktini wa Kijerumani walilijenga kati ya mwaka 1897 na 1902. Mwalimu huyo alikuwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hakuwa na nyumba jijini, wala shamba, wala ukoo wa kumpokea. Alipanda treni kwenda Mwanza, akavuka ziwa hadi Musoma, na kufika kwa mama yake Butiama.

Tumezoea kumsimulia Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere kana kwamba Dar es Salaam ilikuwa yake tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba aliingia katika jiji hili akiwa mgeni kamili: Mzanaki kutoka ng'ambo ya pili ya nchi, Mkatoliki katika mji ambao Waafrika wake wengi walikuwa Waislamu, msomi wa Ulaya miongoni mwa watu walioupima uzito wa mtu kwa adabu yake barazani. Ili kuelewa jinsi alivyopokelewa Kariakoo, inafaa kwanza kumfuata katika mji mwingine ambako alikuwa mgeni kuliko hapa.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa mtemi, ambaye baadaye alibatizwa kwa jina la Christina. Mwaka 1934 alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora. Mafundisho ya dini aliyaanza akiwa bado mwanafunzi, lakini ubatizo ulisubiri. Baba yake alifariki dunia mwaka 1942, na tarehe 23 Desemba 1943, katika misheni ya Nyegina, Padre Mathias Koenen wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, alimbatiza kwa jina la Julius.

Mwaka huo huo aliingia Makerere. Kampala ndio mji wake wa kwanza wa ugenini, na yatupasa kutazama ni nani aliofanya nao urafiki huko. Andrew Tibandebage alikuwa Mkatoliki kutoka Bukoba; Hamza Mwapachu alikuwa Mwislamu kutoka Tanga. Watatu hao walianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika wakiwa bado wanafunzi. Kwa kijana aliyekuwa anabatizwa mwaka huo huo, halikuwa jambo dogo kwamba rafiki wa karibu hivyo alikuwa mtu wa imani nyingine. Tabia hiyo tutaiona tena.

Baada ya Makerere alipewa nafasi mbili za kufundisha mjini Tabora, moja katika shule ya Serikali na nyingine katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, ambako mshahara ulikuwa mdogo zaidi. Alichagua ya misheni, akafundisha huko pamoja na Tibandebage. Mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, ndiye aliyemhimiza kutafuta masomo ya juu Uingereza. Nyerere alisita. Alikuwa na mama mjane na wadogo wa kulisha, tena alikuwa amekwisha kumchumbia Maria Gabriel Magige, mwalimu kijana. Wanafunzi wetu wanaoondoka leo kwa ndege kubwa huku familia nzima ikipunga mikono uwanjani wanaujua mzigo huo vizuri: anayekwenda kusoma huacha nyuma watu wanaohitaji kula. Mwezi Aprili 1949, baada ya mambo ya nyumbani kupangwa, aliondoka Dar es Salaam kwa ndege hadi Southampton, kisha akachukua treni kutoka London kwenda kaskazini.

Edinburgh ya mwaka 1949 ilikuwa mji mkuu wa Uskoti wenye zaidi ya watu laki nne, wakati Dar es Salaam nzima ilikuwa haijafikia hata laki moja. Ni mji wa mawe. Ngome yake imekaa juu ya mwamba katikati ya mji, na nyumba zake ndefu za ghorofa zilikuwa zimefanywa nyeusi na moshi wa makaa. Wakati wa baridi jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Vita ilikuwa imekwisha miaka minne kabla, lakini nyama na sukari vilikuwa bado vinatolewa kwa mgao, na mgao wa nyama ulikuja kuondolewa mwaka 1954 tu. Kwa hiyo mwanafunzi kutoka Butiama hakuikuta ile Ulaya ya neema iliyosimuliwa makoloni. Aliwakuta watawala wa nchi yake wakipanga foleni ya chakula wakiwa na vitabu vya mgao mkononi. Haihitaji mwalimu wa siasa kumweleza kijana wa Kiafrika maana ya kuona hivyo.

Alipanga katika nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi kutoka makoloni, kwenye mtaa wa The Grange, kusini mwa mji. Mwaka huo wanafunzi Waafrika kutoka nchi za Afrika Mashariki katika Uskoti yote walikuwa wawili tu. Fikiri maana yake: hakuna wa kuzungumza naye Kiswahili asubuhi, hakuna ugali, hakuna anayejua Musoma iko wapi. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya Wazanaki. Kila alipotabasamu, na alikuwa mtu wa kutabasamu, mwenyeji aliona kwamba mgeni huyu alitoka mbali.

Kulikuwa na ugeni mwingine ambao wasimulizi wa maisha yake huupita upesi. Edinburgh ni mji wa John Knox, mji wa Matengenezo ya Kiprotestanti, na Wakatoliki wake walikuwa wachache, wengi wao wa asili ya Ireland na watu wa hali ya chini. Mwezi Juni 1935, Kongamano la Ekaristi lilipofanyika mjini humo, umati uliochochewa na mhubiri wa chuki dhidi ya Wakatoliki uliwashambulia waamini katika mtaa wa Morningside, ambao umepakana na The Grange. Nyerere alipofika, miaka 14 tu ilikuwa imepita. Watu wazima wote wa mji waliyakumbuka hayo. Basi mgeni huyu alikuwa mmoja wa wachache mara mbili, kwa rangi yake na kwa Kanisa lake. Wazungu hawa, aliowafahamu akiwa Tanganyika kama kundi moja la watawala, aliwakuta wakiwa na majeraha yao wenyewe, tena majeraha ya dini.

Alifanyaje basi kuujua mji huo?

Kwanza, alisoma watu wake. Baada ya kozi fupi ya kemia na fizikia na mtihani wa kuingilia, mwezi Oktoba 1949 alikubaliwa kusomea shahada ya sanaa. Mwaka wa kwanza alichukua fasihi ya Kiingereza, uchumi wa kisiasa na elimu ya jamii za watu, aliyofundishwa na Ralph Piddington. Mwaka wa pili alisoma historia ya uchumi na historia ya Uingereza, chini ya Profesa Richard Pares, na mwaka wa tatu sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alama zake zilikuwa za kawaida. Jambo hili linafaa kusemwa, maana siku hizi wapo wanaomtukuza kwa kumfanya kuwa alikuwa wa kwanza katika kila mtihani. Alifaulu masomo yote, basi. Lakini miaka mingi baadaye alimkumbuka Pares kwa shukrani, kama mwalimu aliyemwonyesha ni kitu gani kinachowaendesha Waingereza. Hili ni tofauti na kujua tarehe za wafalme wao. Elimu ya jamii za watu wakati ule ilikuwa elimu ya Mzungu kuchunguza vijiji kama Butiama. Kwa maoni yangu, kijana huyu aliigeuza darubini: akaanza kuwatazama Waskoti kwa makini yale yale ambayo wao waliwatazamia Wazanaki, akauliza koo zao ni zipi, wanaheshimu nini, wanaogopa nini, na neno gani ukilitumia mbele yao haliwezi kukataliwa.

Pili, hakujifungia na watu wa kwao, na kwa kweli hata kama angetaka asingewapata. Alifanya urafiki na Wanigeria na watu wa visiwa vya Karibi waliokuwa wakisoma mjini humo, na kutoka kwao akajua kwamba shida ya Tanganyika haikuwa ya Tanganyika peke yake. Wakati wa likizo alikwenda na wanafunzi wengine hadi Wales kuvuna viazi shambani kwa malipo. Ninapenda kulitafakari tukio hilo dogo. Mtoto wa mtemi, ambaye kwao aliona Wazungu wakisimamia na Waafrika wakilima, sasa ameinama kwenye matuta pamoja na vijana wa Kizungu, wote na tope mikononi, wote wakisubiri ujira ule ule. Darasani alihesabiwa kuwa sawa na wenzake, na shambani vivyo hivyo. Mwaka 1951 alisafiri hadi London kukutana na Watanganyika wengine waliokuwa masomoni na kuona maonyesho makubwa ya taifa yaliyofanyika mwaka huo.

Tatu, aliyachukua mambo ya mji kuwa mambo yanayomhusu, na ya kwao akawaletea wenyeji. Wakati huo Serikali ya Uingereza ilikuwa inapanga kuunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa shirikisho moja, ambalo Waafrika waliliona kuwa njia ya kuimarisha utawala wa walowezi. Nyerere aliandika kulipinga katika gazeti la wanafunzi, akishirikiana na mwenzake. Mwezi Februari 1952 alihudhuria mkutano kuhusu jambo hilo ulioandaliwa na kikundi cha Kikristo mjini humo, ambako miongoni mwa wasemaji alikuwamo Hastings Banda, daktari kutoka Nyasaland. Waprotestanti wa Uskoti, ambao wamisionari wao walikuwa wamefanya kazi Nyasaland tangu karne iliyotangulia, walikuwa na uchungu wa kweli na jambo hilo. Mkatoliki kutoka Musoma alikaa nao chumba kimoja, akawasikiliza, akasema nao. Shirikisho lilianzishwa hata hivyo, mwaka 1953.

Katika miaka hiyo hiyo ya Edinburgh aliandika makala ndefu kuhusu tatizo la rangi katika Afrika Mashariki, iliyokuja kuchapishwa mwaka 1966 katika mkusanyiko wa hotuba na maandishi yake. Humo alitetea kwamba Waafrika, Wahindi na Wazungu wa nchi hizi wajenge jamii moja ya watu walio sawa, na kwamba upendeleo wa wachache lazima uondolewe. Makala ni kali. Haimwombi mtu huruma. Lakini haina chuki, na nadhani sababu yake moja ni kwamba iliandikwa na mtu aliyekuwa na marafiki upande ule.

Mwezi Julai 1952 alipata shahada. Alikaa kwa muda mfupi Uingereza akitembelea shule na vyuo, kisha akapanda meli. Tarehe 24 Januari 1953 yeye na Maria walifunga ndoa katika misheni ya Musoma, na mara baada ya hapo wakahamia Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwenye shule ya Mtakatifu Fransisko, ambako alifundisha historia. Misheni ya Pugu ndiyo iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1888 na kushambuliwa mwaka uliofuata wakati wa vita ya Bushiri. Mkatoliki aliyefika hapo alikuta makaburi na kumbukumbu. Lakini mji, ule mji wa Waafrika wenyewe, haukuwa Pugu. Ulikuwa kilomita 20 hivi kutoka pale, Kariakoo.

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa kwa makusudi. Wazungu walikaa kando ya bahari, ambako kuna upepo. Wahindi walikuwa katikati, kwenye maduka, sehemu tunayoiita leo Posta na Kisutu. Waafrika walikuwa ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi kama ukuta usioonekana. Kwa mtu aliyetoka Edinburgh, mgawanyo huo ulikuwa wa ajabu mara mbili. Huko ugenini alikaa benchi moja na mtoto wa Mzungu. Hapa nchini mwake aliambiwa aishi ng'ambo ya uwanja.

Hata hivyo, kuvuka uwanja hakukutosha kumfanya awe mwenyeji. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina ukumbi katikati, vyumba sita, ua nyuma na baraza mbele, na mambo yote ya mji yalizungumzwa kwenye baraza hiyo. Edinburgh, mlango umefungwa, na mgeni husubiri mwaliko. Kariakoo, hakuna mlango wa kubisha, lakini usipojua kuketi, kuamkia na kusubiri zamu yako ya kusema, utabaki nje ukiwa umekaa ndani. Shikamoo hutolewa kwa mkubwa hata kama hajui kusoma. Hadithi ya shahada ya Uskoti haikuwa na faida kubwa hapo.

Aliyemtambulisha ni Joseph Kasella Bantu, aliyempeleka kwa Abdulwahid Sykes. Huyu alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, askari wa zamani wa vita ya Burma, na mtoto wa Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa chama cha Waafrika mwaka 1929. Nyumbani kwa akina Sykes walikutana vijana wa mjini: Abdulwahid na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, na wengine. Mwezi Aprili 1953 chama hicho kilimchagua Nyerere kuwa rais wake, akimshinda Abdulwahid, ambaye alikubali kuwa makamu wake. Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo. Mtu mwenye mji alimwachia nafasi mgeni aliyekuwa hajamaliza hata mwaka tangu ashuke melini, na asimfungie mlango baada ya kushindwa. Sifa za Nyerere zimeandikwa sana. Ukarimu wa Abdulwahid Sykes haujaandikwa vya kutosha.

Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya chama huko Kariakoo, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, watu 17 walianzisha TANU. Miongoni mwao walikuwamo akina Sykes wote wawili, Dossa Aziz, Tewa Said Tewa na mshairi Saadan Kandoro, Waislamu. Na Patrick Kunambi, Mkatoliki kutoka Uluguru. Na mzee tajiri John Rupia, Mkristo, aliyetoa mali yake kwa chama. Dossa Aziz alimwendesha Nyerere kwa gari lake. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji katika kikundi cha ngoma, aliwaingiza wanawake wa mji kwa maelfu, kwa sababu vikundi vya ngoma vilikuwa na mtandao ambao hakuna mwalimu wa Pugu aliyeweza kuwa nao. Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki sokoni, anakumbukwa kwa kuisaidia familia ya Nyerere chakula. Wazee wa mji walimwombea dua alipokuwa anakwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwezi Machi 1955.

Mwezi huo huo alilazimika kuchagua kati ya darasa na siasa, akajiuzulu ualimu. Alirudi Butiama na familia, hana mshahara. Kazi iliyomsaidia kwa miezi michache ilikuwa ya kupendeza: Mapadre wa Maryknoll, Wamarekani waliokuwa wageni Musoma, walimwomba amfundishe Kizanaki Padre Arthur Wille. Aliyekuwa mgeni Edinburgh sasa alikuwa mwenyeji, akimsahihisha mgeni matamshi, akimweleza desturi za wazee, na kutafsiri maandiko ya dini katika lugha ya mama yake. Baadaye mwaka huo alirudi Dar es Salaam, safari hii kukaa.

Kuna sehemu ya simulizi hii ambayo si tamu, na haitakuwa haki kuificha. Urafiki uliojengwa barazani haukupita katika mamlaka bila kuumia. Mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, mtu aliyekuwa amempokea na kumtetea Nyerere mbele ya watu wake, alieleza hofu kwamba Wakristo, waliokuwa na shule nyingi zaidi, ndio watakaonufaika na Uhuru. Alifukuzwa katika chama. Hofu yake ilitokana na jambo halisi: shule za misheni zilikuwa zimewatangulia Waislamu wa pwani kwa vizazi viwili, na Nyerere mwenyewe alilijua hilo, akaja kuzitaifisha shule hizo baada ya Uhuru ili watoto wa dini zote waingie. Abdulwahid Sykes alikaa kando ya siasa, akafariki dunia mwezi Oktoba 1968. Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo kwa kosa la uhaini mwaka 1971, na kusamehewa mwaka uliofuata. Barabara kubwa inayotenganisha Posta na Mnazi Mmoja inaitwa leo kwa jina lake, na wengi wanaokwama kwenye msongamano wa magari hapo hawajui ni nani. Wazee wengine wa Kariakoo walihisi hadi kufa kwamba walisahauliwa. Anayemwombea Nyerere kutangazwa mtakatifu, kama tunavyofanya wengi wetu, hana haja ya kuyakwepa hayo. Mchakato wenyewe wa Kanisa huyauliza.

Yapo pia aliyoyalinda. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge wa chama chake walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alipinga kwa ukali usio wa kawaida kwake, akatangaza kwamba yeye na serikali yake wako tayari kujiuzulu. Wahindi wa Kisutu na Wazungu waliochagua kubaki wakapata uraia. Makala ya Edinburgh ilikuwa imepata sheria yake. Amir Jamal, Mhindi na Mwislamu, alihudumu katika baraza la mawaziri kwa miaka mingi.

Kuhusu maisha yake ya sala wamesimulia wengi walioyaona: Misa Takatifu ya asubuhi, karibu kila siku, mara nyingi katika Parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, akikaa kwenye benchi kama waamini wengine. Mwezi Novemba 1985, alipokuwa anaacha urais, aliwaita wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee kuwaaga. Hapo aliwasimulia mwanzo wake mjini: nani alimpeleka kwa nani, nani alimlisha, nani alimwombea. Alikuwa ametawala miaka 24, na katika kuaga alirudi kwenye hesabu ya mgeni, ya kutaja majina ya waliompokea.

Alipozeeka alifanya kazi moja ambayo wasomaji wa ukurasa huu wangefaa kuitafuta. Alizitunga Injili na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, vikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Utenzi ni chombo cha pwani. Kwa karne nyingi mashairi ya namna hiyo yalisimulia maisha ya Mtume Muhammad na vita vya Waislamu wa kwanza, yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu huko Lamu, Pate na Mombasa. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo, alikuwa amekwisha kumtangulia kwa Injili na Zaburi. Lakini kwa Nyerere naona kitu cha zaidi. Lugha aliyoijua kwa kujifunza shuleni alikuja kuizoea kwa kuisikia barazani kwa watu kama Kandoro, na alipotaka kumsimulia Kristo kwa Waswahili alichukua kipimo chao, vina vyao na mizani yao.

Mwaka 1997 alirudi Edinburgh kutoa mhadhara chuoni kwake, mzee wa miaka 75, mbele ya wanafunzi waliozaliwa baada ya makoloni mengi kwisha. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Oktoba 1999, alifariki dunia katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London. Mwili uliletwa Dar es Salaam, mji ukatoka barabarani wote, kisha akapelekwa Butiama, ambako alizikwa tarehe 23 Oktoba karibu na wazazi wake. Mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005.

Jengo la sasa la soko la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, Nyerere mwenyewe ndiye aliyelifungua mwaka 1975. Nyumba nyingi zenye baraza zilizolizunguka zimebomolewa na maghorofa ya maduka yamechukua nafasi yake. Lakini mtaa wa Lumumba uko pale pale, dakika chache kwa miguu kutoka sokoni, na kutoka hapo mtu anaweza kuvuka Mnazi Mmoja na barabara ya Bibi Titi akafika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu kabla ya Misa ya jioni.